Pesa ya ulinzi: tunabishana juu ya nini hasa?

Jumapili moja, katika moja ya makanisa yetu, tangazo la mwisho kabla ya baraka lilileta mabishano ambayo mpaka leo hayajaisha. Mzee wa kanisa alisimama, akasema kwamba vijana wa mtaa wanaomba kila nyumba itoe franka 2000 "kwa ajili ya wale wanaotulinda". Hakusema ni akina nani. Ndani ya kanisa hakuna aliyeuliza. Lakini nje, chini ya mti wa avoka, watu walibaki saa nzima wamesimama na Biblia zao mkononi, na sauti zilipanda.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka teritware ya Rutshuru, ambaye tangu 2022 amehama mara nne, alikuwa wa kwanza kusema. Yeye atatoa. Kama askari wangekuwa wa kutosha na wamelishwa vizuri, leo angekuwa anapalilia maharagi yake, si kuosha nguo za watu. Mwalimu wa shule yetu ya msingi alimjibu kwa upole, lakini alimjibu: "Mama, heshima kwako. Mimi nina miezi ninafundisha bila mshahara. Nitoe pesa ya nani?" Kijana motari akacheka, akasema yeye analipa kwenye bariere tatu kila siku, na kama huo si mchango wa vita, basi hajui mchango ni nini. Na baba mmoja mzee, aliyekuwa karani wa serikali wakati wa Mobutu, akasema: "Pesa ya jeshi ilishatoka Kinshasa. Iko njiani. Waulizeni wale walio njiani."

Hatutaji kanisa hilo wala mahali lilipo. Wasomaji wetu wanaishi sehemu mbalimbali, chini ya mamlaka mbalimbali, na neno ambalo mtu anaweza kulisema Kisangani bila shida linaweza kumletea mwingine taabu kubwa mahali pengine. Lakini mabishano yenyewe si ya kanisa moja. Tunayasikia sokoni, kwenye likelemba ya wamama, ndani ya mabasi, hata mezani kwetu wenyewe, baba upande huu na mtoto wake upande ule. Tumeona vema kuyachukua polepole na kueleza yale tunayoyajua: pesa ya ulinzi ni kiasi gani, inatoka wapi, inapita wapi, na kwa nini watu wanne waliosimama chini ya mti mmoja wanaweza kuwa na haki wote wanne na bado wakagombana.

Ni pesa kiasi gani?

Wengi wetu tunafikiri ama serikali haitoi kitu kwa jeshi, ama inatoa kila kitu. Hesabu zinasema jambo lingine. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuata matumizi ya kijeshi ya nchi zote, iliandika kwamba mwaka 2023 matumizi ya jeshi la Kongo yalipanda kwa asilimia 105, yaani yalizidi mara mbili kwa mwaka mmoja, yakafika karibu dola milioni 794. Mwaka ule hakuna nchi nyingine duniani iliyopandisha kwa asilimia kubwa kama hiyo.

Usikie namna mbili za kuisoma hesabu hiyo. Ukisema "tumezidisha mara mbili", inaonekana nyingi sana. Ukigawanya dola milioni 794 kwa watu karibu milioni 100, unapata dola nane hivi kwa kila Mkongomani kwa mwaka mzima, katika nchi yenye mipaka na majirani tisa. Anayetaka pesa zaidi kwa jeshi atakuonyesha ile dola nane. Anayetaka pesa ziende shuleni atakuonyesha ile asilimia 105. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja amechukua mwisho mmoja wa kamba ileile.

Tuangalie pia mfuko wenyewe. Bajeti ya taifa ya mwaka 2024 ilipitishwa kwa franka zaidi ya bilioni 40,000, karibu dola bilioni 16. Ile ya 2025 ilizidi franka bilioni 51,000, karibu dola bilioni 18. Gawanya tena kwa watu milioni 100: hata dola 200 kwa mtu haifiki, na ndani yake lazima zitoke shule, barabara, hospitali, mahakama, mishahara ya wabunge, deni, na jeshi. Tena bajeti ni karatasi ya kutabiri. Si kila franka iliyoandikwa mle huingia kweli katika hazina. Baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, serikali ilipoteza ushuru wa forodha wa miji hiyo wakati uleule ambapo gharama za vita zilipanda. Mwezi wa Machi Rais akatangaza kuongeza mara mbili mshahara wa askari na polisi. Mfuko ukapungua upande mmoja, ukafunguliwa zaidi upande wa pili, na mwenye kungoja katikati, kama yule mwalimu wetu, akaelewa kwamba ataendelea kungoja.

Kuna neno moja linalorudi kila mara katika mabishano haya, tulisahihishe kabla ya kuendelea: kwamba "nchi yetu ilikatazwa kununua silaha". Ni nusu ya ukweli. Tangu mwaka 2008, katazo la Umoja wa Mataifa lilibaki kwa vikundi vyenye silaha, halikuwa tena juu ya serikali. Lililobaki kwa serikali ni kwamba nchi yoyote inayoiuzia silaha ilipaswa kuijulisha kwanza kamati ya Umoja wa Mataifa. Wengi waliliona sharti hilo kuwa dharau, na wauzaji wengine liliwasumbua. Liliondolewa Desemba 2022, na mwaka uliofuata ndio ule ambao matumizi yalizidi mara mbili. Basi leo anayesema jeshi linashindwa kwa sababu ya katazo hilo anasema habari iliyopitwa na wakati.

"Mimi silipi kodi"

Mara nyingi mtu wa kawaida anakatizwa hivi: "Wewe unaulizia pesa ya serikali, umewahi kulipa kodi?" Na yeye ananyamaza kwa haya. Asinyamaze. Tangu Januari 2012 tuna kodi ya TVA, asilimia 16, ambayo imo ndani ya bei ya vitu vingi vinavyouzwa kwa njia halali. Mama anayenunua sabuni ya kiwandani au inite za simu hajui kwamba amelipa, lakini bei yake imebeba ushuru na kodi. Wengine wanakumbuka RAM, ile pesa iliyokuwa ikikatwa kwenye inite za simu kuanzia mwaka 2020 kwa sababu ya kuandikisha vyombo vya simu. Watu walipiga kelele kutoka Bukavu hadi Matadi, kwa sababu walikatwa bila kuona kitu kilichofanyika, na mwaka 2022 ikaondolewa. Sisi tunaona kwamba RAM iliwafundisha watu somo ambalo hakuna semina ingewafundisha: pesa ya umma ni yao, na ikichukuliwa bila maelezo wana haki ya kuuliza.

Katiba ya 2006 inasema mambo mawili ambayo tunafaa kuyashika pamoja. Kifungu cha 63 kinampa kila Mkongomani haki na wajibu mtakatifu wa kuitetea nchi inaposhambuliwa kutoka nje. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa ila kwa njia ya sheria, na kwamba kuchangia mizigo ya taifa ni wajibu wa kila mtu anayeishi nchini. Maana yake, kuchangia ulinzi ni wajibu, ndiyo. Lakini mchango huo una mlango wake: sheria iliyopigiwa kura na wabunge. Kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Septemba kupita, serikali inapaswa kuwa imepeleka mradi wa bajeti bungeni, na wabunge wana miezi mitatu, hadi 15 Desemba, ya kuuchambua. Humo ndimo mabishano ya chini ya mti wa avoka yanapaswa kufanyika rasmi. Mbunge wako yuko mle kwa niaba yako, hata kama hujamwona tangu kampeni.

Pale pesa inapopotelea

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu tunaamini ndipo lilipo jibu la yule baba mzee.

Zamani, kwa muda mrefu, mshahara wa askari ulishuka kwa njia ileile amri inamoshuka. Kamanda wa brigedi alipokea pesa ya watu wake wote, akawapa makamanda wadogo, nao wakawapa askari kilichobaki. Kila mkono ulimega. Tena, kwa kuwa pesa ilihesabiwa kwa majina yaliyo kwenye orodha, ilikuwa faida kuwa na majina mengi: waliokufa, waliotoroka, na wengine ambao hawakuzaliwa kamwe. Huyo "askari fiktifu" hali, halalamiki, hakimbii vita, na mshahara wake unafika kila mwezi mahali panapojulikana.

Kuanzia mwaka 2005, washauri wa Umoja wa Ulaya, katika kazi iliyoitwa EUSEC, walisaidia kutenganisha njia hizo mbili: amri ipite kwake, pesa ipite kwake. Askari walihesabiwa, wakachukuliwa alama za vidole, wakapewa kadi. Orodha zikapungua. Kutoka 2011 serikali ikaanza kulipa kwa njia ya benki. Ni maendeleo ya kweli, na tunayasema kwa sababu wengine husema hakuna kilichowahi kutengenezwa katika nchi hii.

Lakini fikiria askari aliye kwenye kilima Lubero au Fizi. Benki iko wapi? Ama aache kambi yake siku tatu kwenda mjini, ama ampe mkubwa kadi yake amchukulie, na hapo tumerudi nyuma. Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na kila aliyelipwa kwa njia hiyo, askari, mwalimu au muuguzi, alijua siku ileile kwamba mshahara ulioandikwa si mshahara ulioshikwa. Na mshahara ni sehemu moja tu. Kuna chakula cha askari, mafuta ya magari, dawa, viatu, na pesa ya mazishi. Hizo hazina alama za vidole.

Mwaka 2021 tuliliona jambo hili kwa macho yetu. Aprili mwaka ule, wanafunzi wa Beni walilala nje mbele ya ofisi ya meya wakidai mauaji yakomeshwe. Tarehe 6 Mei utawala wa dharura wa kijeshi ulianza Kivu Kaskazini na Ituri: magavana na mameya wakawa maafisa wa jeshi na polisi, na kesi za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Makanisa yetu mengi yaliomba kwa furaha siku ile, hatutakana. Mwezi uliofuata, Rais alipokuwa Bunia, yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba kuna mafia ndani ya jeshi na ndani ya taasisi za nchi. Kabla mwaka haujaisha, kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge ilitoa maswali mazito juu ya namna utawala huo ulivyopangwa na namna pesa zake zilivyotumika. Na mauaji upande wa Beni na Ituri yakaendelea.

Tunarudia: aliyesema ni Rais, na walioandika ni wabunge. Si adui wa nchi. Basi mtu wa kawaida anapouliza pesa ya jeshi imefika wapi, anauliza swali ambalo wakubwa wa taifa waliliuliza kabla yake.

Ndugu zetu wahubiri wanalijua lile jambo la askari waliomwendea Yohana Mbatizaji wakauliza wao wafanye nini, naye akawaambia wasimnyang'anye mtu na waridhike na mshahara wao. Liko katika Luka, sura ya 3. Huwa tunalihubiri kwa askari. Tungeweza kulihubiri pia kwa yule anayeutunza mshahara, kwa sababu Yohana alizungumza na watu ambao mshahara walikuwa nao. Kwa muda mrefu askari wa cheo cha chini nchini kwetu alipata kama dola 100 kwa mwezi, mara nyingine pungufu, na familia yake iko naye kambini. Ukishamnyima hata hiyo, umeshaweka bariere barabarani, ingawa wewe umekaa ofisini mjini.

Mfuko wa pili

Sasa tumfikie yule motari. Anapolipa kwenye bariere, hakuna risiti, na kama iko, si ya hazina ya serikali. Mama wa sokoni analipa naye, kwa sababu mkungu wa ndizi umepita bariere hizohizo kabla ya kumfikia, na bei imepanda kila mahali uliposimama. Vijijini Masisi na Walikale watu wanajua tangu miaka mingi kile kinachoitwa "lala salama": kikundi chenye silaha kinadai kila mtu mzima alipe, sehemu nyingi karibu franka 1000 kwa mwezi, anapewa kijikaratasi, na asiye na kijikaratasi anapigwa au anafungwa shimoni. Jina lenyewe ni la kejeli. Unalipa ili ulale salama mbele ya yuleyule anayekulipisha.

Kwa hiyo wengi wetu mashariki tunalipia ulinzi mara mbili au tatu. Mara moja ndani ya bei ya sabuni, kwa njia ya sheria. Mara ya pili barabarani. Mara ya tatu nyumbani, kikundi kinapopita na daftari lake. Ukijumlisha, familia maskini ya kijijini inaweza kutoa kwa watu wenye bunduki sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kuliko mfanyabiashara wa mjini anayetoa kwa serikali. Na mtu aliyelipa mara tatu akaambiwa kwamba bajeti ya ulinzi lazima iongezwe, usishangae akitukana.

Habari ya wale wanaoitwa Wazalendo inaleta ugumu wake. Katiba, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi au kundi la vijana wenye silaha. Upande mwingine, mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuunda jeshi la akiba, kusudi raia walio tayari kupigana wawe chini ya amri ya jeshi la taifa. Kati ya sheria hiyo na yale yanayoonekana barabarani kuna umbali. Kijana mmoja amejiandikisha kweli, anatii amri, hajalipwa kitu, na mama yake anampelekea fufu. Mwingine amechukua jina hilohilo na bunduki, na anaishi kwa bariere. Wanaomwona wa kwanza wanasema kuwanyima mchango ni dhambi. Wanaomwona wa pili wanasema kuwapa ndiyo dhambi. Na mara nyingi wanazungumza juu ya kijana mmoja, asubuhi na jioni yake.

Mwalimu na mama wa Rutshuru

Turudi chini ya mti. Siku ile kulikuwa na dakika moja iliyotuogopesha. Baada ya mwalimu kusema hatatoa, mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Huyu tunajua anafanya kazi na nani." Kila mmoja alisikia. Wewe unayeishi huku unajua sentensi kama hiyo inaweza kumfanyia mtu nini usiku. Nyumba zimechomwa kwa sentensi hiyo.

Ndiyo sababu tunaandika makala hii zaidi kuliko sababu ya hesabu. Kukataa mchango usio na mlango si usaliti. Kuuliza kwa nini mwalimu hana mshahara si kumpendelea adui. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, kama katiba inavyosema katika kifungu cha 43, na shule zetu za Kiprotestanti zilizo chini ya mkataba na serikali zimo katika mpango huo. Tuliufurahia. Watoto walijaa hadi wengine wakakaa chini. Lakini walimu wengi ambao majina yao hayajaingia kwenye orodha ya serikali walibaki bila ile pesa ya wazazi na bila mshahara wa serikali. Mwalimu huyu ni mmoja wao. Kila asubuhi anakwenda. Kama kuna mtu anayeshikilia mtaa wake, ni yeye pia.

Wala mama wa Rutshuru si mjinga wa kudanganywa na vijana wa daftari. Yeye amepiga hesabu ambayo mwalimu hajaipiga, kwa sababu mwalimu bado ana nyumba. Shamba lake, mbuzi wake watano, shule ya watoto wake, kaburi la mume wake, vyote vilipotea katika mchana mmoja. Ukimwambia kwamba pesa ya silaha ingejenga shule, atakuuliza shule hiyo itajengwa wapi. Tumejaribu kumjibu, na kusema kweli hatuna jibu zuri.

Hata viongozi wetu hawakuepuka mabishano haya. Januari 2025, ECC pamoja na maaskofu wa Kikatoliki wa CENCO walitoa mpango wa mapatano ya jamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri, na mwezi uliofuata wajumbe wao walifika Goma kuzungumza na upande wa pili. Kuna waumini waliosema: Afadhali, maneno hayana gharama kama risasi. Kuna wengine, ndani ya makanisa yaleyale, waliosema viongozi wamekwenda kuwapa heshima wauaji. Tulipokea simu za pande zote mbili, nyingine za hasira sana. Tuliona kwamba wengi waliokasirika hawakuwa wapenda vita. Walikuwa watu waliochoka kusikia kwamba pesa imetoka, askari wametumwa, mkataba umetiwa sahihi, na wao bado wako chini ya hema.

Kipi ni siri, kipi si siri

Tukiuliza habari ya pesa ya jeshi, jibu la haraka ni "siri ya ulinzi". Siri hiyo ipo, na inafaa iwepo. Hatuhitaji kujua ni mizinga mingapi iko wapi. Lakini mshahara wa askari wa kawaida si siri. Adui hashindi vita kwa kujua kwamba askari wetu amelipwa. Chakula, viatu, dawa za majeruhi, haki za wajane: hivi vyote tunaweza kuviulizia bila kumsaidia mtu mbaya. Wajane wa askari wako katika kila kanisa letu, na wao wanajua faili ngapi zimelala kwenye meza ngapi. Na kwa mambo ambayo kweli ni siri, Bunge lina kamati yake ya ulinzi inayoweza kukutana milango imefungwa, na kuna Mahakama ya Hesabu ambayo kazi yake ni kukagua pesa ya umma.

Wabunge wanapokuwa kwenye likizo wanapaswa kurudi kwa waliowachagua. Wengine hufika kanisani, wanapewa kiti cha mbele, wanatoa sadaka kubwa, wanaimbiwa na kwaya, wanaondoka. Tumekuwa wepesi mno kuwaimbia.

Kivu Kusini tulikuwa na mfano mdogo ambao haufai kusahauliwa. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, katika komine na vijiji kadhaa, raia waliitwa kupanga pamoja na viongozi wao sehemu ya bajeti ya mahali pao. Wengine waliarifiwa na kupiga kura kwa ujumbe wa simu. Walibishana: daraja au kituo cha afya, choo cha soko au paa la shule. Haikuwa kazi kamili na pesa ilikuwa kidogo. Lakini aliyeshindwa katika kura alijua pesa imekwenda wapi, maana angeweza kwenda kuigusa kwa mkono.

Katika kanisa lile tulilolisema mwanzo, wazee walikutana Jumatano. Wakakubaliana kwamba hakuna mchango utakaotangazwa madhabahuni bila kusema anayepokea ni nani, kwa ruhusa ya nani, na risiti iko wapi. Mzee aliyetoa tangazo alisema aliogopa kuwakatalia vijana wale, na hakuna aliyemlaumu. Wamama wakapendekeza kupika maharagi kwa ajili ya majeruhi walioko hospitali, wote waliolala pale, bila kuuliza mtu alijeruhiwa akiwa upande gani. Jumamosi sufuria mbili zilikwenda, moja imebebwa na motari, bila nauli.

Mama wa Rutshuru alisaidia kupika, kisha jioni akawapelekea vijana franka 2000 zake kama alivyosema. Mwalimu hakutoa kitu. Jumapili iliyofuata walikaa kwenye benchi moja, na baada ya ibada wakaanza tena.